Baiskeli ya bei poa ya kuendea kazini Dar: anza na namba ya tairi

Watu wengi wakienda kutafuta baiskeli ya kuendea kazini wanaanza na rangi, wanakuja kwenye gia, alafu wanauliza bei, na hapo ndo wanapopigwa. Mi nakushauri anza chini kabisa, kwenye tairi. Ubavuni pameandikwa namba, zisome kabla hata hujafungua mdomo kuulizia bei, maana baiskeli ya mtumba inaweza ikawa nzima kabisa, imetoka Japani inang'aa, lakini siku tairi linapasuka ndo unagundua hakuna fundi mtaani kwenu mwenye saizi ile, unaambiwa nenda Kariakoo, Kariakoo unaambiwa zilikuwepo zimeisha, na chombo kinalala ndani mwezi mzima huku we umerudi kugombania daladala. Baiskeli ya bei poa ni ile ambayo fundi wa pale kona ana spea zake, basi.

Naongea na mtu anayekaa sehemu kama Tabata, Sinza, Temeke au Buguruni, kazi yake iko Kariakoo au Posta, safari ya kilomita tano mpaka kumi hivi, na mfukoni ana kama laki mbili na nusu. Sio mtu wa mashindano. Kama we uko Mbezi au Goba endelea tu kusoma, ila vilima vya huko vina habari yake, ntavigusa kwenye gia.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ukilipa nauli mia sita kwenda na mia sita kurudi, siku 26 za kazi ni 31,200 kwa mwezi, na kama we ni wa kuunganisha gari mbili ni 62,400. Kwahiyo chombo cha laki mbili na nusu kinajilipa kwa kama miezi nane kwa mtu wa gari moja, na kama minne tu kwa mtu wa gari mbili. Lakini hii hesabu inakubali kama baiskeli haili hela kila wiki, ndo maana nakomaa na tairi.

Kabla hujaenda sokoni pita kwa fundi. Yule yule anayeziba pancha karibu na kwako, unayempita kila asubuhi. Msalimie, kaa nae dakika mbili, muulize: fundi, hapa unaweka tairi na tyubu za saizi gani? Gia za ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, unazifungua au unazikimbia? Breki za kurudisha pedeli nyuma je? Atakachokujibu ndo orodha yako ya manunuzi. Ya Phoenix na ya sports, zile za tairi nene na gia nyingi, atakutajia bila kufikiri, ila ukiona anasita kwenye saizi flani na kuanza "aah zinapatikana, unaniachia hela nakutafutia", hiyo saizi achana nayo hata kama baiskeli yake umeipenda vipi.

Sasa hizo namba. Inchi zinadanganya sana, watu wawili wanaweza kuwa na baiskeli zote "ishirini na sita" na tairi la huyu lisiingie kwa yule. Ya kuaminika ni ile namba nyingine ndogo yenye kistari katikati, mfano 37-590. Ya mbele ya kistari ni upana wa tairi kwa milimita, ya nyuma ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi, nayo ni milimita. Hiyo ya nyuma ndo haina mjadala, lazima ilingane na ringi yako.

Baiskeli za kikapu za Japani nyingi zina 26 x 1 3/8, hiyo ni 590. Baiskeli za sports zina 26 x 1.95 au 26 x 2 na kitu, hizo ni 559. Zote zinaitwa ishirini na sita lakini zinapishana milimita 31, yaani hata upige magoti haliingii. Phoenix ile ya kizamani ni 28 x 1 1/2, ambayo ni 635. Baiskeli za mtumba za Uholanzi na Ujerumani nazo zinaitwa 28, ila nyingi za kwao ni 622, ndo hizo hizo wengine wanaziita 700C. Hapa tofauti ni milimita 13 tu, na hii ndo mbaya zaidi kwa sababu kwa macho zinafanana, unanunua tairi unafika nyumbani linalegea kama kandambili iliyokatika au linagoma kabisa. Alafu Japani wana 27 x 1 3/8 ambayo ni 609, hailingani na yoyote kati ya hizo nilizotaja. Baiskeli za 27 toka Japani ni nzuri mno, ndefu, zinafaa mtu mrefu, lakini ukiichukua chukua na tairi mbili za akiba siku hiyo hiyo kwa muuzaji huyo huyo, akikwambia hana basi umeshapata jibu lako. Tairi kuukuu wakati mwingine limeandikwa inchi peke yake, hapo vua uende nalo dukani mkononi ulinganishe na jipya, usikubali kuambiwa "litaingia tu hilo kaka", maana litaingizwa kwa spana mbili na nguvu na tyubu itabanwa ndani, utapata pancha hujafika hata Ilala.

Ukishajua saizi, aina zenyewe ziko kama nne.

Za kikapu toka Japani mimi ndo nazipa kura kwa mtu wa kazini. Zina madigadi, keria, stendi ya miguu miwili, kava la cheni, na nyingi zina taa ya dinamo, vitu ambavyo ukivinunua kimoja kimoja kwa baiskeli nyingine vinakula hela ya maana. Fremu yake ipo chini katikati, mdada mwenye gauni anapanda bila shida, na mwanaume anayeona aibu kwamba hii ni ya kike akishuka na mzigo kwenye keria atanielewa, maana huzungushi mguu juu ya mzigo. Angalia kile kikufuli cha duara kinachobana tairi la nyuma, muuzaji kama hana ufunguo wake mwambie akitoe kabisa hapo hapo, kisije kikajifunga uko katikati ya Uhuru Street. Nyingi bado zina stika yenye namba ya usajili ya kule kwao, Japani kusajili baiskeli ni sheria, hiyo isikutishe, haina kazi huku.

Phoenix na ndugu zake za Kihindi kina Hero na Avon ni chuma tupu. Nzito, gia moja, na vile vyuma vya breki badala ya waya, ila spea zake unazipata mpaka kijijini kwa bibi, na keria yake inabeba gunia. Ubaya wake mkubwa kwangu ni breki wakati wa mvua. Ringi ni za chuma zenye kromu, zikilowa mipira ya breki inateleza, unabana breki Machi unasimama Aprili. Kama safari yako ni ya kwenda ofisini na barabara yako ina magari mengi, na unategemea kuendesha masika yote, hilo lifikirie vizuri. Kama unabeba mzigo, maji, mkaa, mikate, wala usisome zaidi, chukua hiyo.

Za Ulaya ni nzuri na zinakaa, ila nyingi zimetengenezwa kwa watu warefu na ni nzito, sio kitu cha kubeba mpaka ghorofa ya tatu kila jioni. Nyingine breki ya nyuma unarudisha pedeli, ukizoea ni tamu na haijali mvua, lakini muulize fundi wako kwanza kama nilivyokwambia.

Mwisho ni zile mpya za Kichina zenye shokapu mbele na katikati, gia ishirini na moja, rangi za kuwaka. Hizi ndo vijana wengi wanazikimbilia. Ile springi ya katikati kwa baiskeli ya bei hii sio ya maana, kila ukikanyaga sehemu ya nguvu inamezwa na springi, ni nzito, na baada ya muda inaanza kucheza na kulia nye nye nye. Ukitaka ya aina hii chukua yenye fremu ngumu isiyo na springi katikati, na kama utapata isiyo na shokapu hata mbele ndo bora zaidi. Kwa wa Kimara, Mbezi na Goba hizi zina faida yake kwa sababu ya gia ndogo za kupandia, hapo sibishi.

Kwenye gia kiujumla Dar yetu ya chini, kuanzia Posta mpaka Ubungo, Temeke, Mbagala, ni tambarare kiasi kwamba gia tatu zinatosha na gia moja haikuui. Gia za ndani ya habu, zile za Shimano Nexus za tatu ambazo baiskeli za kikapu nyingi zinazo, zimefungiwa ndani, matope na mchanga haviingii kirahisi, cheni haitoki toki ovyo. Ukizijaribu usibadilishe huku umekandamiza pedeli, legeza mguu kidogo, badilisha, kanyaga. Ikichomoka chomoka gia ya pili usiikatae haraka, mara nyingi ni waya umelegea tu: weka ya pili, angalia pale waya unapoingia kwenye habu kuna kidirisha chenye mstari wa rangi, kama mstari haujakaa kwenye alama yake ni wa kurekebisha kwa mkono. Ila usimwambie muuzaji hivyo, mwambie gia zinaruka, aone mwenyewe anashusha ngapi. Ukirekebisha waya na bado inaruka basi ndani kumekwisha, rudisha mahali pake.

Siku ya kwenda sokoni nenda asubuhi, kuna mwanga na muuzaji hajachoka, na beba vitu vitatu: rula ndefu, kitambaa, na sumaku, hata ile ya kwenye spika bovu inafaa. Sumaku ni ya ringi na fremu. Ikinasa ni chuma, isiponasa mara nyingi ni aluminiamu. Kwa mtu anayekaa Kigamboni na kuvuka na pantoni kila siku, au anayekaa Msasani au Kunduchi kwenye ule upepo wa chumvi, ringi za aluminiamu sio anasa, za chuma zitaanza kuota kutu kwenye matundu ya spoki bila kukuambia, na breki kwenye aluminiamu zinashika vizuri zaidi zikilowa. Kitambaa ni cha kufutia vumbi pale chini ya kombe la pedeli, yaani pale ekseli ya pedeli inapopita kwenye fremu, na pale fremu inapokutana na shingo ya usukani, ndo sehemu fremu zinapopasuka. Angalia mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi, au rangi iliyopigwa sehemu moja tu na kwingine ni ya zamani. Fremu iliyochomelewa usinunue, hata akikuapia.

Rula ni ya cheni. Pini za cheni zinapishana nusu inchi, kwahiyo ukiweka sifuri katikati ya pini moja na kuhesabu pini 24 mbele yake, ya 24 inatakiwa iangukie kwenye inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa inchi moja ya nane hiyo cheni imekwisha, na ikiwa imekwisha kuna uwezekano meno ya mbele na nyuma nayo yamechongoka kama papa, yaangalie, maana cheni peke yake ni hela ndogo ila vyote vitatu ni kitu kingine. Hapo unashusha bei au unaondoka.

Vingine ni vya haraka haraka. Inua baiskeli zungusha tairi, angalia ringi inavyopita kati ya mipira ya breki, kucheza kidogo spoki zitanyoosha, ikiwa inayumba mpaka inagusa huku na huku ilishawahi kugonga shimo. Shika kranki, ule mkono unaobeba pedeli, itikise kushoto kulia, ikigonga gonga shida ni gololi au kota pini, kile kipini kinachobana kranki kwenye ekseli. Simama nyuma uangalie tairi mbili kama ziko kwenye mstari mmoja. Chomoa siti juu chini, bomba lake likiwa limeganda na muuzaji anasema "litalegea", siku zote halilegei, utaendesha na urefu wa mtu mwingine mpaka mwisho wa dunia. Tairi za mtumba zina nyufa ndogo ndogo ubavuni kwa sababu ya kukaa sana, likunje kwa kidole gumba uone. Na vali, ile nyembamba ndefu yenye kinati kidogo kichwani, ukiikuta jua compressor ya kituo cha mafuta haitaishika, utahitaji pampu yake.

Alafu iendeshe. Sio kuzunguka mbele ya duka, iombe uende nayo mpaka kona, muachie simu au kitambulisho au rafiki yako abaki pale. Achia usukani kidogo sana uone kama inavuta upande. Bana breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Breki ya nyuma ya baiskeli za kikapu nyingi inapiga kelele kama mbuzi, hiyo ni tabia yake, hasa zile za mkanda, inaudhi lakini inasimamisha. Asiyetaka ujaribu mwachie baiskeli yake.

Urefu wa siti: kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke. Ukija kukanyaga kwa kidole goti litakuwa limekunjwa kidogo tu, ndo sawa. Hapa mjini watu wengi wanaendesha siti iko chini mno, magoti yanakuja kifuani, alafu wanasema baiskeli inachosha. Ila ukipandisha usipite ile alama iliyochorwa kwenye bomba, lina mwisho wake.

Bei ya kwanza usiikubali wala usiitukane. Uliza "boss, mwisho ngapi?", taja mapungufu uliyoyaona kimoja kimoja ukiwa umeyashika kwa mkono, pita maduka mengine mawili, rudi. Katika ile laki mbili na nusu usiimalize yote hapo, bakiza kama elfu hamsini sitini, maana mtumba wowote unahitaji kufunguliwa: grisi mpya, gololi, waya za breki, tyubu, pengine tairi moja. Na dai risiti, iandikwe namba ya fremu, ambayo imegongwa chini ya kombe la pedeli au kwenye bomba la siti au shingoni, pamoja na simu ya muuzaji. Baiskeli za wizi zipo, na ukisimamishwa nayo bila karatasi maelezo yatakuwa marefu.

Kufuli usinunue la elfu tatu. Nyororo nene na kufuli la maana, ipitishe kwenye fremu na tairi na nguzo, sio tairi peke yake, kuna watu wamekuta tairi limebaki linaning'inia pale. Mlinzi wa ofisini mjue kwa jina. Taa nyekundu ya nyuma nunua hata kama unarudi saa kumi na mbili, ikifika saa moja giza ni giza na daladala haimulizi mtu, na helmeti ukiweza.

Njia nayo ichague kabla hujanunua, kwa sababu inaamua upana wa tairi. Pembeni ya Morogoro Road kuna ile njia ya baiskeli iliyokuja na mwendokasi, mradi ulioanza kubeba abiria 2016, kwenye njia hiyo tairi la upana wa 37 linatembea safi, shida ni bodaboda na meza za biashara zilizoingia humo. Mandela Road yenye malori mi siipendi hata kidogo, bora uzunguke mitaa ya ndani Buguruni. Ila mitaa ya ndani ina vumbi, mchanga na mashimo, na hapo tairi la 47 au 50 linakuokoa na pancha na mgongo. Upepo soma ubavuni kwa tairi. Za kikapu nyingi zimeandikwa 300 kPa, ni kama PSI 43, usiache ishuke sana maana tairi laini ndo linalobanwa na shimo na kutoboka matundu mawili kwa mpigo.

Ukishanunua ipeleke moja kwa moja kwa yule fundi uliyemuuliza mwanzo, ndo ulimtembelea kwa sababu hiyo, mwambie afungue habu zote mbili na kombe la katikati atie grisi, na we kaa pale uangalie. Baada ya wiki ya kwanza irudishe akaze spoki na nati, hata kama ni mpya kutoka dukani, mpya ndo zinalegea zaidi. Kwa Phoenix mwambie aangalie kota pini za kranki. Zikilegea mara ya kwanza zinagongwa na kukazwa nati, zikilegea mara ya pili usikubali agonge tena, nunua mpya pande zote mbili, ni hela ya soda, maana ukiendelea kukanyaga na kota pini iliyokatika upande itakula tundu la kranki na hapo utanunua kranki nzima.